Usalama wa Taifa: wa taifa, au wa wakubwa?

Kijiweni kwetu kuna mchezo wa siku nyingi. Akipita mtu tusiyemfahamu, nadhifu, hana haraka, mmoja wetu anashusha sauti: "Huyo Usalama." Siasa inaishia hapo, tunahamia Simba na Yanga. Nimeucheka sana mchezo huo. Lakini hivi umewahi kujiuliza kwa nini neno "usalama" linatutia woga badala ya kututuliza?

Turudi nyuma kidogo. Kazi hii tuliirithi kwa Mwingereza. Special Branch ilikuwa tawi la polisi wa kikoloni, na miongoni mwa kazi zake ni kuwachunguza wanasiasa waliodai uhuru, TANU wakiwemo. Mwaka 1961 waliokuwa wakichunguzwa wakawa ndio serikali. Chombo kikawa chao, na Emilio Mzena akawa mkuu wake. Mwaka 1965 tukaingia rasmi chama kimoja. Tangu hapo, anayekipinga chama na anayeipinga nchi wakaonekana mtu yule yule.

Vyama vingi vikarudi mwaka 1992, tukapiga kura mwaka 1995, na mwaka 1996 Bunge likatunga sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa. Ndugu msomaji, itafute uisome. Kifungu cha 5 kinasema wazi: si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au anatofautiana na Serikali. Kwa maandishi, ubishi ulishakwisha.

Sasa njoo kwenye utekelezaji. Mkurugenzi Mkuu anateuliwa na Rais, na Rais wetu kwa desturi ndiye pia mwenyekiti wa chama tawala. Mwaka 2023 ulianza Diwani Athumani akiwa kwenye kiti hicho. Kufika Julai 2024 walishakikalia pia Said Massoro, Ali Siwa na Suleiman Mombo. Watu wanne ndani ya miezi 19! Anayejua kiti chake ni cha moto atathubutu kumpelekea bosi habari asiyotaka kuisikia? Na habari chungu ndiyo hasa kazi yenyewe.

Majirani zetu Kenya walijaribu njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inavikataza vyombo vya usalama kubeba maslahi ya chama chochote, na mkuu wa ujasusi lazima apite kwanza bungeni, kama alivyopita Noordin Haji mwaka 2023. Hata hivyo, mwaka 2024 vijana wao walilia kutekwa. Kumbe sheria nzuri bila wananchi wa kuidai ni karatasi tu.

Mimi nimeshatoa nakala ya kifungu cha 5. Siku akipita tena "yule wa Usalama" pale kijiweni, mada haibadilishwi. Tutamkaribisha kahawa, tuisome pamoja.