Mtindo wa Pwani (mapambo ya nyumba)

Mtindo wa Pwani ni namna ya kupamba nyumba kwa kutumia chokaa, boriti za mikoko, makuti, mbao za kuchonga na kazi za ususi, huku sehemu kubwa ya ukuta na sakafu ikiachwa wazi. Chimbuko lake ni nyumba za mawe za miji ya Waswahili, hasa Lamu nchini Kenya na Mji Mkongwe wa Unguja, pamoja na nyumba za udongo na makuti zilizojengwa kando yake. Tangu nusu ya pili ya karne ya 20 umeenea kwenye hoteli, nyumba za kupangisha wageni na makazi ya mijini kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam. Leo mtindo huu unasifiwa kwa usahili wake, ingawa vyumba vya kale vilivyouzaa vilisheheni vyombo.

Chimbuko

Nyumba nyingi za mawe zinazoonekana Lamu zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19, na wenye kuzimiliki walikuwa waungwana na wafanyabiashara. Sehemu kubwa ya kazi nzito ya kuvunja mawe, kuchoma chokaa na kubeba boriti ilifanywa na watumwa. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Unguja katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001.

Nyumba ya Lamu huingiwa kupitia daka, yaani kibaraza cha mlangoni ambapo wanaume huzungumza bila kuingia ndani. Baada yake huja tekani, yaani kibaraza cha ndani, kisha kiwanda, ambacho ni ua ulio wazi kwa juu. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, chumba cha mama mwenye nyumba. Sakafu hupanda kidogo kila unaposogea mbele, na mwanga hupungua. Kwa kuwa kuta za nje hazina madirisha mengi, kiwanda ndicho kinachotoa nuru na hewa. Mpangilio huu ulilinda faragha ya familia na kuliweka jua mbali na mahali pa kulala.

Vifaa vinavyoamua umbo

Boriti za mikoko ndizo zinazoamua upana wa chumba. Boriti nzuri hubeba dari yenye urefu wa takriban mita 2.5 hadi 3 kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Samani huwekwa kandokando ya ukuta au mwisho wa chumba ili katikati pabaki njia. Uwazi ambao mpambaji wa leo huutafuta kwa makusudi ulianza kama sharti la ujenzi. Boriti zenyewe huachwa zionekane, na mistari yake iliyopangana sawasawa ndiyo pambo la dari.

Kuta hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na unene wake hukaribia nusu mita. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yakomae. Lipu ya chokaa husuguliwa mpaka iwe laini kama ganda la yai. Weupe wake si wa rangi ya dukani. Una vivuli vidogovidogo vinavyobadilika kadiri jua linavyosogea, na ndiyo sababu ukuta mtupu wa chokaa hauchoshi macho. Aidha, chokaa hupitisha unyevu, jambo la lazima katika hali ya hewa ya Pwani.

Makuti yalikuwa paa la nyumba za udongo, na baadaye yakapandishwa juu ya nyumba za mawe ili kufunika darini. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya ufito na kushonwa, kisha hufungwa juu ya fito na pau kwa kamba ya makumbi. Paa hutegwa kwa mwinuko mkali ili mvua iteremke upesi. Chini yake hewa ya kaskazi na ya kusi hupita bila kizuizi, na joto hutokea juu.

Zidaka na suala la usahili

Pambo kuu la nyumba ya mawe ya Lamu ni zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa kwa safu ukutani na kuzungushiwa nakshi za lipu. Ukuta bora wa zidaka ulikuwa ndani, mkabala na mtu anayeingia, na nakshi zake zilichongwa lipu ikiwa bado mbichi. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina, bilauri na vyombo vingine vilivyoletwa na majahazi. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, alieleza kwamba vyombo hivyo havikuwa vya fahari tu: vilidhaniwa pia kuwakinga wenye nyumba na kijicho, hasa katika chumba walichozalia wanawake na walichooshewa maiti.

Hali ilikuwa hiyohiyo Unguja. Sayyida Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete na alikuwa binti wa Seyyid Said, sultani aliyetawala Unguja, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza vyumba vya jamaa zake vilivyokuwa na vishubaka vilivyojazwa kauri na vioo. Katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu miji ya Waswahili, mwanahistoria wa sanaa Prita Meier alionyesha jinsi vitu vya ng'ambo vilivyokuwa sehemu ya utambulisho wa wenyeji wa miji hiyo, walioishi kwa biashara ya bahari.

Kwa hiyo zidaka tupu zinazopigwa picha siku hizi ni matokeo ya mabadiliko. Familia nyingi zilipofilisika au kuhama, kauri na samani ziliuzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Wanunuzi wapya walikuta kuta zilizobaki na kuzipenda zilivyo. Usahili wa mtindo wa Pwani, kwa maana hiyo, ni uteuzi wa karne ya 20: umelichukua ganda la nyumba ya muungwana ukaviacha vyombo vyake.

Samani, mikeka na vitambaa

Nyumba ya kale ilikuwa na samani chache, kila moja ikiwa na hadhi yake. Kiti cha enzi, cha mbao nyeusi iliyotiwa njumu za mfupa au pembe, kilitengwa kwa mgeni mwenye heshima. Vitanda vya wenye mali vilikuwa virefu kiasi cha kuhitaji kibao cha kupandia. Kitanda cha kawaida kilikuwa cha kamba, kilichowambwa kwa kamba ya mnazi au miyaa, na hadi leo ndicho kinachopatikana katika nyumba nyingi za kisasa za mtindo huu kwa kuwa hupitisha hewa chini ya godoro.

Sakafuni hutandikwa mikeka ya ukindu. Wanawake husuka ukindu kuwa mashupatu marefu membamba, kisha huyashona pamoja kufikia upana unaotakiwa. Ukindu uliotiwa rangi hutoa michoro ya zambarau, kijani na nyekundu. Jamvi la miyaa ni la kazi nzito zaidi, na huwekwa barazani au msikitini. Vikapu, vipepeo, makawa na pakacha hutoka katika ususi huohuo, na wapambaji wa leo huvitundika ukutani badala ya picha.

Vitambaa vikuu ni kikoi, kanga na marekani. Marekani ni pamba isiyotiwa rangi, na ilipata jina hilo kwa sababu ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Hutumika kwa mapazia na foronya. Kikoi hufunika mito ya baraza. Kanga hutumiwa kwa uangalifu katika mtindo huu, kwa kuwa kipande kimoja chenye rangi kali hutosha chumba kizima.

Harufu huhesabiwa miongoni mwa mapambo. Udi hufukizwa kwenye chetezo, na asumini, vilua na mkadi huwekwa kitandani, hasa harusini. Mrashi wa marashi huwekwa karibu na mlango wa kupokelea wageni.

Mtindo wa kisasa

Peponi Hotel ilifunguliwa Shela, kisiwani Lamu, mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata wageni walianza kununua na kufufua magofu ya kijiji hicho. Katika miaka ya 1970, msanifu majengo Usam Ghaidan alipima na kuchora nyumba za Lamu na kuchapisha matokeo yake, kazi iliyowapa mafundi na wahifadhi vielelezo vya kufuata. Unguja, bangalo za hifadhi ya kisiwa cha Chumbe zilitumia mikoko, makuti na kamba za mnazi pamoja na mitambo ya kuvuna maji ya mvua.

Mambo yanayoutambulisha mtindo wa kisasa ni haya:

- baraza za kujengwa zenye magodoro na mito, badala ya makochi;
- sakafu ya saruji iliyosuguliwa, nyeupe au nyekundu;
- kuta za rangi ya chokaa, na kishubaka kimoja au viwili vyenye taa;
- mlango mmoja wa kuchonga unaobeba nakshi zote za chumba;
- meza na rafu za mbao za jahazi zilizochakaa;
- mimea michache ya uani, badala ya vyungu vingi sebuleni.

Mtindo huu una ndugu kwingineko katika Bahari ya Hindi. Msanifu Geoffrey Bawa wa Sri Lanka (1919–2003), aliyeanza kuitengeneza bustani ya Lunuganga mwaka 1948, naye alitumia nyua, kuta nyeupe na mbao za zamani kuunganisha ndani na nje.

Matunzo na uhifadhi

Kosa linalofanyika mara nyingi katika ukarabati ni kupiga saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya muda lipu hupasuka na jiwe kumomonyoka. Lipu ya chokaa huhitaji kupakwa upya mara kwa mara lakini huuacha ukuta upumue. Makuti nayo huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na hushika moto haraka, hivyo nyaya za umeme zinapaswa kukaa mbali nayo.

Suala gumu zaidi ni malighafi. Mikoko ni mazalio ya samaki na kinga ya fukwe, na kuchimba matumbawe hai huharibu miamba. Kenya na Tanzania zimeweka masharti ya ukataji wa mikoko, na wajenzi wengi sasa hutumia fito za mvinje unaopandwa mashambani. Mvinje haufikii mkoko kwa uthabiti dhidi ya mchwa, lakini hukua upesi na unaweza kupandwa tena, na kwa nyumba mpya ndio unaowezesha dari ya boriti kuendelea kujengwa bila kumaliza misitu ya pwani.