Arzihali Mlangoni pa City Hall

Kiswahili kina neno ambalo vijana wengi wa Nairobi huenda hawajalisikia: arzihali. Ni maombi rasmi yanayoandikwa na kupelekwa kwa mwenye mamlaka. Asili yake ni Kiarabu, na ukilifungua utakuta ndani yake maana ya kuiweka hali yako wazi mbele ya mkubwa. Siku hizi tunasema "ombi" tu, neno lililo ndugu wa ombaomba na wa maombi ya kanisani. Maneno yote mawili humweka mwandishi chini na msomaji juu, na hakuna hata moja linalotaja kitu kinachopaswa kufuata baada ya karatasi kupokelewa. Kitu hicho ni jibu, na nadhani historia ya maombi ya raia jijini Nairobi haieleweki bila kukifuatilia. Kwa zaidi ya miaka 100 wakazi wa mji huu wamejua kuandika, kukusanya sahihi na kubisha hodi. Kilichobadilika, tena kwa mwendo wa kinyonga, ni kama aliye ndani analazimika kuitika.

Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, ikawa manispaa mwaka 1919. Baraza la manispaa hiyo lilikuwa mikononi mwa walowezi, Wahindi wakiwa na nafasi chache, na Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote mjini, bila kiti wala kura. Basi si ajabu kwamba malalamiko makubwa ya kwanza ya Waafrika wa mji huu hayakupelekwa kabisa kwa baraza la mji. Julai 1921, baada ya mkutano wa hadhara, Harry Thuku alituma simu ya maandishi moja kwa moja kwa serikali ya London. Watu walikuwa wamechoshwa na kipande, yaani kitambulisho walicholazimishwa kubeba, na kodi iliyokuwa ikipanda, na mpango wa walowezi wa kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Thuku alikuwa mwajiriwa wa Hazina, akipokea na kuunganisha simu, na ujasiri huo ulimponza akafutwa kazi. Machi 1922 alikamatwa. Umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi tarehe 16. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu wengi zaidi. Miaka saba baadaye Jomo Kenyatta alipanda meli kwenda Uingereza akiwa na maombi ya chama cha Kikuyu Central Association. Njia ilikuwa ileile: karatasi iliruka City Hall, yaani baraza la mji, ikamruka gavana, ikatua kwa bwana wa mbali. Na bwana huyo alikuwa huru kuisoma au kuiweka kabatini, kwa kuwa kujibu kulikuwa hisani yake.

Mtu angetarajia mambo yabadilike baada ya kura kuja. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1950, na mwaka 1962 Charles Rubia akawa meya wake wa kwanza Mwafrika. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni ilidumu na tabia yake ya zamani: sheria ndogo za baraza zilihitaji idhini ya waziri. Mkazi aliyetaka kanuni ya soko ibadilishwe alijua kwamba diwani wake ni kituo cha njiani tu. Mwaka 1983 hata kituo hicho kiliondolewa. Serikali kuu ilivunja baraza na kuweka tume ya kuteuliwa, iliyoliendesha jiji hadi 1992. Kwa karibu muongo mzima raia wa mji mkuu hawakuwa na diwani wa kumpelekea arzihali.

Katika kipindi hicho ndipo yalipotokea mapambano mawili ambayo Nairobi inayakumbuka mpaka leo, na hayakutokea wakati huo kwa bahati. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la chama tawala. Wangari Maathai alianza kwa silaha ya kawaida ya raia mpole, yaani barua. Aliwaandikia wakubwa wa serikali, aliiandikia tume ya jiji, na alipoona kimya akawaandikia watu wa nje. Bungeni alikejeliwa, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi lililokuwa limepangishiwa na serikali. Hata hivyo wafadhili walirudi nyuma na jengo halikuinuka. Mwaka 1991 ikawa zamu ya bustani ya Jeevanjee, kipande cha ardhi ambacho mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliupa mji mwaka 1906. Wakuu wa jiji walitaka kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza kampeni ya kukusanya sahihi, Maathai akamuunga mkono, na bustani ikaokoka. Leo wapo watu wanaokutana chini ya miti ile kujadili siasa na kujiita Bunge la Mwananchi.

Kuna wanaoyasoma matukio haya na kuhitimisha kwamba ombi halihitaji sheria, linahitaji mtu shupavu. Nawaelewa, lakini siwafuati. Aibu mbele ya magazeti na wafadhili iliokoa bustani mbili zilizo katikati ya jiji, ambapo wapiga picha hufika kwa miguu. Ni viwanja vingapi vya michezo vya mitaa ya Eastlands vilivyonyakuliwa miaka hiyohiyo bila mwandishi hata mmoja kufika? Pale jibu linapotegemea ukubwa wa jina la anayeuliza, mama wa kibanda atangoja sana.

Kwa sababu hiyo nayaona maneno machache ya sheria za 2010 na 2012 kuwa na uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kikiiweka haki hiyo sentensi moja na haki ya kukusanyika na kuandamana, kana kwamba waandishi wake walikumbuka mwaka 1922. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaenda mbali zaidi. Kifungu cha 15 kinamruhusu mtu yeyote kuliomba bunge la kaunti litunge sheria, liibadilishe au liifute. Kifungu cha 89 kinazitwika mamlaka za kaunti wajibu wa kujibu maombi ya raia, tena kwa haraka. Kwa kanjo, jina ambalo wachuuzi walilipa baraza na askari wake na ambalo halikufa baraza lilipogeuka kaunti mwaka 2013, huo ulikuwa mzigo mgeni. Umbo la ombi lenyewe limebaki na harufu ya zamani. Sheria ya maombi kwa Bunge ya mwaka huohuo wa 2012, ambayo mwenendo wake unafanana na wa mabunge ya kaunti, inataka lugha ya heshima, iwe Kiingereza au Kiswahili. Inataka pia mwombaji aeleze kama alikwisha jaribu kwa mamlaka husika na kama jambo liko mahakamani, aseme wazi anachoomba, kisha atie sahihi, au alama yake mbele ya shahidi. Adabu ya arzihali ipo palepale, ila safari hii mpokeaji naye kafungwa kamba.

Pingamizi la kwanza ni la wanasiasa: wadi 85 za Nairobi zina wawakilishi waliochaguliwa, kwa nini kikundi chenye kelele kiwapite? Jibu limo katika sheria yenyewe. Ombi la kifungu cha 15 haliamui chochote; linalazimisha jambo lisikilizwe. Raia wakitaka kura ya maoni ya kaunti kuhusu mipango au uwekezaji, kifungu cha 90 kinadai sahihi za asilimia 25 ya wapigakura walioandikishwa. Jiji lilikuwa na wapigakura takriban milioni 2.4 mwaka 2022, hivyo zingehitajika sahihi kama 600,000, nyingi kuliko kura alizopata mshindi wa pili wa ugavana mwaka huo. Kikundi cha kelele hakiwezi kupanda ukuta huo. Kwa maoni yangu hata umati wenye haki hauwezi, na hapo sheria imekosea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba haki hii imekuwa chombo cha mitaa yenye wanasheria, kama Kileleshwa na Kilimani, cha kupinga maghorofa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mwaka 2017 kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa, na nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na miaka ya kazi ya wakazi na Muungano wa Wanavijiji, shirika la watu wa mitaa ya mabanda, waliopita nyumba kwa nyumba wakihesabu vyoo, mabomba na kodi. Hiyo nayo ni arzihali kwa maana yake ya asili, hali iliyowekwa wazi, na iliandikwa na wakazi wenyewe.

Linabaki swali la adhabu ya kutojibu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitupa Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na kaunti nyingine zikapata somo kwamba kuwapuuza watu kunaweza kuzigharimu mapato ya mwaka. Kwa maombi hakuna rungu la namna hiyo. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa za 2013 ziliipa kamati siku 60 kumjibu mwombaji. Kifungu cha 89 kinasema haraka tu, bila kutaja siku hata moja. Mchuuzi wa Gikomba anayeomba maji na choo sokoni anayo haki ya kujibiwa, na karani aliyeipokea karatasi yake bado ndiye anayepima haraka ni siku ngapi.