Jino Bovu na Maradhi ya Mbali

Mwaka 1910 William Hunter, tabibu wa London, alipohutubia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, aliwashutumu mafundi wa meno wa zama zake kwamba hufunika kwa dhahabu mizizi iliyooza, na kwamba usaha uliofungiwa chini ya vifuniko hivyo ndio aghalabu uwatiao watu maradhi ya tumbo, upungufu wa damu na unyonge usiojulikana asili yake. Punde Frank Billings wa Chicago akaipa hoja hiyo umbo la kitaaluma: kiota kidogo cha vijidudu, kiwe chini ya jino au ndani ya mafindofindo, chaweza kupeleka madhara kwa njia ya damu hata kwenye viungo, figo au moyo.

Dhana yenyewe haikuwa batili, na wanaoicheka leo hawaitendei haki. Mtoto aliyeugua koo kwa streptokoki huweza, baada ya majuma mawili au matatu, kuvimba magoti na vifundo, na vali za moyo wake zikaingia makovu, si kwa kuwa vijidudu vimehamia huko, bali kwa kuwa kinga iliyoandaliwa dhidi yao huishambulia nyama ya mwili inayofanana navyo. Naye mwenye vali iliyokwisha haribika yumo katika hatari nyingine, kwani vijidudu vya kinywani huingia damuni jino ling'olewapo, na hata ufizi mbovu usuguliwapo kwa mswaki, vikapata pa kujishikiza.

Kilichoiharibu kadhia ni pupa ya kisu. Huko Trenton, New Jersey, Henry Cotton, aliyeshika usimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, alikuja kuitakidi kwamba chanzo cha wazimu ni usaha. Basi akang'oa meno, akakata mafindofindo, na mgonjwa asipopata nafuu akamwondoa utumbo mpana, kwani kutopona hakukuhesabiwa kuwa dalili ya kuikanusha nadharia, bali dalili kwamba kiko kiota kilichosazwa. Nadharia isiyoshindika namna hiyo imekwisha kuwa ramli. Phyllis Greenacre, aliyepewa na Adolf Meyer, tabibu wa maradhi ya akili, kazi ya kuyahakiki matokeo hayo, alikuta operesheni za utumbo zikiua wengi, walakini taarifa yake haikuchapishwa. Ilibidi kungoja hadi 1938, Russell Cecil na Murray Angevine walipowapitia wagonjwa 200 wa baridi yabisi, wakaona kwamba waliong'olewa meno au kukatwa mafindofindo karibu wote walibaki na maumivu yao.

Sisi nasi tunayo Trenton yetu. Tanzania na Uganda, mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha huambiwa ana meno ya plastiki, na ufizi wake hupasuliwa kwa kisu au njiti ya baiskeli ili kifukuliwe kichipukizi cha chonge, cheupe na laini, ambacho mama huonyeshwa kuwa ndio ushahidi. Kuharisha kukikoma kwenyewe, sifa huiendea njiti. Mtoto akifa, husemwa aliletwa kwa kuchelewa.

Na ni Uganda iyo hiyo ambako watoto na vijana 818 wenye dalili za awali za vali kuharibika waligawanywa kwa kura, nusu wakapigwa sindano ya penisilini ya kuzuia streptokoki kila baada ya majuma manne, nusu wasipigwe. Baada ya miaka miwili maradhi yalikuwa yamezidi kwa 0.8 katika kila mia ya wale wa kwanza, na kwa 8.2 katika kila mia ya wale wa pili. Sindano yenyewe huuma sana, na tabu iliyobaki kwa zahanati za vijijini ni kumshawishi mzazi aifuate kila mwezi kwa ajili ya mtoto anayeonekana mzima kabisa.