Kiazi Kinacholazwa Mtoni

Terengganu, pwani ya mashariki ya Malaysia, huuzwa vipande vyeupe vya kiazi cha kuchemsha, juu yake sukari na nazi iliyokunwa. Kabla ya kufika kwenye sahani hiyo, kiazi kimelala mtoni siku kadhaa. Kingepikwa kama kilivyochimbwa, kingemwasha mlaji koo, kimtapishe, kimtie kizunguzungu na hata degedege.

Jina lake ni gadung, ndugu wa mwituni wa kiazi kikuu. Shina lake la miiba hujisokota mitini, na kila kikonyo kina majani matatu. Viazi vyake hukaa juujuu udongoni, kwa hiyo kuchimba si shida. Shida huanza nyumbani: kumenya, kukata vipande vyembamba, kuvisugua kwa majivu au chumvi, kuvitia kwenye tenga na kulizamisha penye maji yanayopita. Sumu yake, dioskorini, huyeyuka majini. Kipande kikiwa chembamba huiachia upesi. Moto peke yake hautoshi. Asiye na kijito huroweka kwenye chombo na kumwaga maji kila mara.

Nani alithubutu kuonja mara ya kwanza, na wangapi walizikwa kabla njia hii haijajulikana? Katika Pango la Niah, Sarawak, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya gadung ya makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu wa Ulaya walichelewa mno: Dennstedt aliupa mmea jina la Kilatini, Dioscorea hispida, mwaka 1818, na Boorsma akaitenga sumu yenyewe huko Java mwaka 1894. Wakati huo wawindaji wa misitu ya Malaya walishajua kuchanganya utomvu wake na ule wa mti wa ipoh ili kupaka vishale vyao. Kiazi kimoja, kazi mbili.

Wajapani walipoikalia Malaya, 1942 hadi 1945, mchele uliadimika. Muhogo ndio uliobeba mzigo mkubwa, lakini gadung nayo ilirudi jikoni. Ilikuwa akiba isiyolimwa, na mwizi mwenye haraka asingefaidi kitu.

Siku hizi Java huila kwa starehe. Vipande vilivyokwisha kuroweshwa huanikwa juani mpaka vikauke kau, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, vikafura na kuuzwa kwenye vifuko, vikavu kama krispi.