Nyumba ya Mkasi

Ukipanda matatu Malindi ukaelekea upande wa Mombasa, shuka njia panda ya Gede. Barabara ya mkono wa kushoto inateremka hadi Watamu. Huko kuna hoteli, mchanga mweupe, na vijana wanaosalimia wageni kwa "ciao", maana Waitaliano wamejaa tele. Zamani Watamu kilikuwa kijiji cha wavuvi tu. Bahari yake ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na sasa watu wanavuka dunia kuja kuogelea pale. Wenyeji husema jina lenyewe latokana na "watu watamu".

Lakini, ndugu msomaji, leo sikupeleki kuota jua. Kabla hujafika baharini, humo msituni, mna mji mwingine. Mji huo nao ulikuwa na watu watamu, ila hakuna anayejua jina la hata mmoja wao.

Ni magofu ya Gede. Palikuwa na jumba la mfalme, msikiti mkuu, kuta za kuzunguka mji, na nyumba za mawe zenye visima na vyoo. Wenyewe walilia vyakula katika kauri ya Uchina. Si mchezo, bwana! Kaburi moja limechongwa tarehe: 802 Hijria, yaani 1399. Basi tusidanganyane kwamba hawa watu hawakujua kuandika. Walijua sana. Karatasi ndiyo haikuhimili mvua na mchwa.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Wakati huo Gede ilikuwa hai. Kutoka Malindi ni kilomita 16 hivi. Ukiondoka alfajiri, adhuhuri umefika. Wareno walikuwapo Malindi miaka mingi, mpaka 1593 walipohamia Mombasa, na katika maandishi yao hakuna popote panapotajwa mji uitwao Gede. Wengine wanasema labda ulikuwa na jina lingine. Hata hili la Gede inasemekana limetoka kwa Waoromo waliofika baadaye. Kumbe mji mzima unaweza kupoteza jina kama mtu anavyopoteza leso sokoni!

Karne ya 17 watu wakauhama. Wataalamu wanataja maji kukauka visimani, vita, na biashara kuhamia kwingine. Miti ikaota sebuleni. Mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuchimba. Nyumba zile hazikuwa na wenyewe wa kuulizwa, kwa hiyo zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma.

Nilisimama mlangoni pa Nyumba ya Mkasi, daftari mkononi, kima wakinichungulia kutoka juu ya ukuta. Nikajiuliza, je, mkasi ule ulikuwa wa nani? Fundi cherehani hakuwapo zama hizo. Pengine ni mama aliyemkatia mwanawe kanzu ya Idi. Alikuwa na jina, huyo mama. Majirani walimwita kwa jina hilo kila siku, na leo anaitwa Mkasi.

Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Nilifurahi, sikatai. Lakini orodha haiwezi kumrudishia mama yule jina lake.

Sisi tunaotaka kuandika riwaya hupenda kungoja kisa kikubwa. Na wavuvi wa Watamu je? Na dada anayetandika vitanda vya hoteli, na kijana wa "ciao"? Tusipowaandika sasa, siku moja atakuja mtu na sepetu, afukue tulipoishi, aokote kizibo cha soda. Hapo ndipo tutakapoitwa Nyumba ya Kizibo, na hatutakuwapo kumkosoa.