Masalia ya kiwandani shambani: lipi mbolea, lipi sumu?

Lori likija na tope jeusi, na dereva akakwambia ni mbolea ya bure, usikimbilie jembe. Muulize kwanza: limetoka kiwanda gani, na kiwanda hicho kinatumia dawa gani?

Tuanze na kiwanda cha sukari. Juisi ya miwa ikichujwa, hubaki tope lenye fosforasi, chokaa na mabaki ya mimea. Hilo hurutubisha udongo. Lakini likiwa bichi huchacha, hupata joto na huweza kuunguza mizizi. Lirundike, uligeuze mara kwa mara, ulisambaze likishapoa na harufu ikiisha. Majivu ya makapi ya miwa nayo yana potasiamu na hupunguza tindikali ya udongo, ila yakizidi hudhuru mazao.

Kiwanda cha ngozi ni habari nyingine. Viwanda vingi vya ngozi hutumia kromiamu, nayo hubaki kwenye tope lao. Mabaki ya mimea huoza, metali haiozi. Ukiiweka kila msimu hujilimbikiza, na kuiondoa shambani ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Madhara yake yameshaonekana. Huko Toyama, Japani, taka za mgodi zilipeleka kadimiamu kwenye mto Jinzu, na maji yake yakamwagiliwa mpunga. Baada ya miaka, watu waliokula mchele huo na kunywa maji hayo waliharibika figo, na mifupa yao ikawa laini hadi kuvunjika kirahisi. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilitambua rasmi kuwa chanzo kilikuwa kadimiamu.

Kwa hiyo, kabla hujapokea mzigo:

- Asiyetaka kutaja kiwanda, mrudishe na mzigo wake.
- Omba majibu ya maabara yanayoonyesha risasi, kadimiamu na kromiamu. Kama hayapo, muone afisa ugani akuelekeze kwenye maabara ya udongo.
- Jaribu kwenye kipande kidogo, lakini kumbuka: jaribio hilo litakuonyesha kama mazao yanaungua, halitakuonyesha metali.
- Usirundike karibu na kisima, mto au mfereji.

Ukikosa majibu ya maabara, tunakushauri ubaki na samadi na mboji. Msimu mmoja wa mavuno kidogo unafidika. Shamba lililoingia metali utawaachia wanao.