Franz Liszt na Piano Yake

Wasomaji wetu wengi wanakijua kinanda cha kanisani, kisemacho kwa upepo wa mivukuto. Piano ni ndugu yake, ila haisemi kwa upepo. Ndani yake mna nyuzi za chuma zilizokazwa sana, na kila kibao kikibonyezwa, kinyundo kidogo huruka na kuupiga uzi wake. Kidole kikigusa polepole, sauti huwa ya upole. Kikipiga kwa nguvu, sauti hunguruma. Leo twataka kueleza habari za mtu aliyeipiga piano kwa ufundi na kwa mikogo mbele ya watu, na kupima kama mikogo ile ilikuwa na faida.

Franz Liszt alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1811 katika kijiji cha Raiding, ambacho siku zile kilikuwa katika ufalme wa Hungaria, na leo kimo katika nchi ya Austria. Baba yake ndiye aliyemfundisha kwanza. Mwaka 1820 mtoto alipiga mbele ya wakubwa katika mji wa Pressburg, nao wakaahidi fedha za kumsomesha. Akapelekwa Vienna kwa mwalimu Carl Czerny, aliyepata kufundishwa na Beethoven. Czerny aliona kwamba mtoto ana kipawa kikubwa, lakini vidole vyake havina utaratibu. Akamrudisha kwenye mazoezi ya mwanzo, wala hakutaka malipo. Mwaka 1827 baba akafa, na kijana akabaki Paris akiwafundisha wengine piano ili yeye na mama yake wapate riziki.

Hata mwaka 1832 alimsikia Paganini, fundi wa fidla kutoka Italia, ambaye watu walistaajabia ufundi wake kama uchawi. Liszt akaazimu kufanya kwa piano yale aliyoyafanya Paganini kwa fidla. Akawa akifanya mazoezi ya vidole peke yake muda wa saa nne au tano kila siku. Tena chombo chenyewe kilikuwa kimetengenezwa upya: mwaka 1821 ilitolewa hati ya kulinda ubunifu wa Sébastien Érard wa kinyundo kiwezacho kupiga tena kabla hakijarudi chini kabisa, hivyo sauti moja iliweza kurudiwa upesi sana.

Zamani zile mpiga piano alishirikiana jukwaani na waimbaji na wapigaji wengine. Lakini mwaka 1839 huko Rome, na mwaka 1840 huko London, Liszt alikaa peke yake mbele ya watu. Aliiweka piano ubavu, ili watu wamwone uso na mikono, na mara nyingi alipiga kwa moyo, pasipo karatasi mbele yake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1841 na 1842 alipiga Berlin mara ishirini na zaidi katika muda wa majuma kumi. Watu waligombania glavu na leso zake, na wanawake waliokota nyuzi za piano zilizokatika wakazifanya vikuku. Mwaka 1844 mshairi Heine akaupa wazimu ule jina litokanalo na jina la Liszt mwenyewe.

Je, huu ulikuwa ufundi au majivuno? Robert Schumann, aliyekuwa mtunzi hodari, alisema kwamba Liszt yapasa asikiwe na kuonwa pia. Akipiga nyuma ya pazia, sehemu kubwa ya uzuri ingepotea. Lakini Liszt mwenyewe alijua hatari yake. Mwaka 1837 aliandika waziwazi kwamba aliwahi kuzibadili kazi za watunzi wakubwa, akiziongezea mapambo ili apigiwe makofi. Hapo mtumishi alikuwa amekaa katika kiti cha bwana wake.

Hata hivyo sifa ile ilileta mema. Mwaka 1838 mto Danube ulifurika ukaharibu mji wa Pest, naye akapiga Vienna ili kuwasaidia walioharibikiwa. Kisha, mwezi wa Septemba 1847, katika mji wa Elisavetgrad, uliokuwa chini ya Urusi, alipiga kwa malipo yake mwenyewe mara ya mwisho. Umri wake ulikuwa miaka 35, na sifa zake zilikuwa kileleni. Akaenda kukaa Weimar, akatunga na kuongoza wapigaji, na kwa miaka mingi akafundisha vijana bila kutoza ada, kama Czerny alivyomfanyia yeye. Alikufa Bayreuth tarehe 31 Julai 1886.

Wazee wetu husema, ngoma ivumayo haidumu. Liszt aliivumisha ngoma yake kuliko wote, lakini aliiweka chini kabla haijapasuka. Mikogo iliwaita watu waje wasikilize. Nyuzi zile za vikuku zimekwisha kusahauliwa, bali kazi alizotunga na mafunzo aliyowapa wanafunzi wake yanadumu hata leo.